Vidole Juu ya Meza

Siye tulikuwa tunaangalia vidole. Uso unaweza kudanganya: kuna poda, kuna jua, kuna kulia. Lakini kwenye viungo vya vidole, pale ngozi inapojikunja, mekako haishiki vizuri. Mekako ni mafuta ya kujichubua, kama hamjui. Mwanamke akiyapaka mwaka mzima, mikono inakuwa rangi ya chai ya maziwa na viungo vinabaki vyeusi vilevile. Kwa hiyo mtu aliposhtakiwa mbele ya komite ya wamama wa kanisa letu hapa Bunia, hatukumuuliza mengi. Tulimwambia aweke mikono juu ya meza, viganja chini, na sote saba tukainama tukatazama.

Prezidenti wa komite nilikuwa miye. Asubuhi nilifundisha darasa la tano la shule ya msingi, Alhamisi jioni nilihukumu ngozi za watu. Tuliamini kwamba kujichubua ni kumwambia Mungu kwamba amekosea kazi yake, na hata leo sioni kama tulikosea hapo. Aliyepatikana na kosa alifungiwa meza. Maana yake alikatazwa meza ya Bwana kwa miezi sita, akatolewa kwenye kwaya kama alikuwa mwimbaji, na Jumapili ya meza alikaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, ambako sahani ya mkate ilimpita bila kusimama. Kila mtu alilijua benchi lile. Watoto walilijua kabla hawajajua kusoma.

Miye nilizaliwa mweupe, kama marehemu mama yangu, na uso wangu ulianza kuwaka nilipovuka miaka arobaini. Mwanzoni ilikuwa mashavu na pua tu. Nikinywa chai ya moto, nyekundu. Nikila pili-pili, nyekundu. Nikigombana na mkurugenzi wa shule, na niligombana naye mara nyingi, nyekundu mpaka masikio. Uwekundu ulikuja kwa saa moja ukaondoka, baadaye ukawa unakaa siku nzima, mwishoni ukahamia kabisa, na vipele vidogo vikaota juu yake. Wanafunzi wakanipa jina, Madamu Tomati. Nilijua ni nani aliyelianzisha, naye alijua kwamba najua, na daftari lake la hisabati mwaka ule lilikuwa safi kuliko yote.

Muuguzi wa kituo kimoja cha afya, ambacho siku hizi hakipo tena, alinitazama dakika mbili akaniandikia tyubu. Tyubu nyeupe, mstari wa kijani, kofia ya kijani. "Pakaa asubuhi na mangaribi, mama, itaisha." Na kweli iliisha! Siku ya nne niliamka na uso wa msichana. Nikaacha, ukarudi. Nikapaka, ukatulia. Muuguzi alihama mji, lakini tyubu ilipatikana kila farmasi na hakuna aliyedai karatasi ya munganga, yaani daktari. Nilipaka miaka minne. Niliiweka kwenye droo ya mashine yangu ya kushona, pamoja na nyuzi na vifungo, na sikuiita mekako hata siku moja. Niliandikiwa. Ilikuwa dawa.

Mwanamke nitakayemsema aliimba alto, na nitamwita hivyo. Alikuja hapa na mume wake kutoka Butembo, akafungua meza ya maharagwe na makayabu, samaki wa chumvi, sokoni. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kushikilia wimbo usianguke. Sopurano walipopotea, na sopurano wetu hupotea, yeye ndiye aliyewarudisha. Alikuwa mweupe kama miye, na mashavu yake yalikuwa yameanza kuwaka kama yangu. Mtu akamshtaki. Sitasema nani, kwa sababu mtu huyo ameomba msamaha tayari, na alikuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Alipoitwa, mwezi wa kwanza, hakulia wala hakubisha. Aliweka mikono juu ya meza kabla hatujamwambia. Viungo vilikuwa vyeusi kidogo, kama vya mwanamke yeyote anayefua kwa mikono na kushika samaki wa chumvi kila siku. Halafu akafungua mfuko wake, akatoa tyubu, akaiweka katikati ya mikono yake.

"Miye napakaka hii," akasema. "Ni dawa. Walinipatia kwa santre ya afya, juu ya uso."

Tyubu nyeupe, mstari wa kijani, kofia ya kijani.

Mwandishi wa komite, mama mmoja mwenye kucheka haraka na kusamehe polepole, aliichukua akaigeuza-geuza, kama aliyeiona mara nyingi ikichanganywa kwenye mekako. "Dawa! Eeh, mama, hii njo banachanganyaka mu mekako. Nenda sokoni uone. Bote banasemaka ni dawa."

Wote wakanigeukia miye. Niliijua tyubu ile kama ninavyojua mwandiko wangu ubaoni. Ningeweza kusema, dada zangu, hata kwangu iko moja. Badala yake nilisema, "Tuendelee." Moyoni nilijiambia kwamba yangu nilipewa na muuguzi, na yake nani anajua ilikotoka, ingawa alikuwa ametoka kutuambia, na masikio yangu yalikuwa mazima. Wakati wa kura, prezidenti ndiye anayenyoosha mkono kwanza. Niliunyoosha. Akafungiwa meza miezi sita, na akaamriwa aiache tyubu ile tangu siku ile.

Aliiacha, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Wiki ya pili uso wake ukawa kama nyama iliyochunwa. Alikuja kanisani amejifunga kitambaa mpaka chini ya macho, akakaa kwenye benchi la mlangoni, na siye wa mbele tukageuka kumtazama na kutikisa vichwa. Tulikuwa na hakika. Mtu aliyeacha mafuta si atapona? Huyu anazidi, basi anazidisha kupaka. Hata miye niliamini hivyo. Sikuwahi kuacha ya kwangu zaidi ya siku tatu, ningejuaje?

Miezi sita ilipoisha tulimwita tena, mwezi wa saba, wiki moja kabla ya likizo kubwa. Aliweka mikono mezani. Mashavu yalikuwa mekundu, yana magamba.

"Niliacha, mama prezidenti," akaniambia. "Kweli ya Mungu, niliacha siku ile ile."

"Uso wako ndio unasema," nikamjibu.

Nililisema vizuri, kwa sauti ya darasani, na wenzangu wakaitikia kwa koo. Tukamwongezea miezi sita mingine.

Nilikuwa na sababu ya kuwa mkali. Wakati huo uso wangu nao ulikuwa umechoshwa na tyubu. Nilipaka mara tatu kwa siku, na saa sita mchana ulikuwa unawaka tena. Mishipa myembamba ilijichora kwenye mashavu. Nikaanza kusikia minong'ono: wamama wawili mbele ya bomba la maji wananyamaza nikifika, mmoja ananiuliza kwa sauti ya asali natumia sabuni gani siku hizi. Niliogopa benchi lile la mlangoni. Mungu sikumwogopa kiasi hicho, naandika ukweli, niliogopa benchi. Nilikuwa nimeketi mbele kwa miaka tisa, na nilijua vizuri siye wa mbele tunatazamaje nyuma.

Mume wangu anafanya kazi Epulu, kwenye hifadhi ya okapi, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu. Nilimweleza yote kwenye simu. "Okapi iko na mistari kwa makalio," akasema, "na hakuna mtu anamuulizaka anapakaka nini." Nilimkatia simu. Baadaye nilicheka peke yangu jikoni, lakini nilikuwa nimekasirika kweli.

Aliyeniokoa ni binti yetu mkubwa, ambaye ameolewa Kampala. Alikuwa amesikia kwamba kuna munganga wa ngozi pale mwenye mashine ya mwanga, mashine ya leza, inayotuliza uwekundu. "Njoo likizo nzima, mama, nimeisha kukupangia." Nikafunga mizigo. Tulipita Nizi, tukapita Mahagi, tukavuka mpaka, na njia nzima nilikaa upande wa kivuli wa gari na kitambaa usoni kama mtu anayetafutwa. Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja: nirudi na uso ambao hakuna mtu angeuliza swali juu yake.

Munganga alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Alizungumza Kiingereza, binti yangu akatafsiri. Hakunitazama uso kwanza. Aliniambia nitoe kila kitu ninachojipaka nikiweke juu ya meza yake. Nikaweka sabuni, nikaweka vazelini, nikaweka mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, na mwisho tyubu. Mikono yangu ilibaki mezani, viganja chini. Niliiona pale, nikaiondoa.

Kwa ncha ya kalamu alisukuma vitu vingine pembeni, tyubu ikabaki peke yake.

"Muda gani?"

"Miaka minne."

Akavua miwani. Alieleza polepole, kama ninavyoeleza sehemu za hesabu kwa mtoto ambaye hakulala vizuri. Nina magonjwa mawili, alisema. La kwanza ni ugonjwa wa uwekundu wenyewe, ambao mtu anaishi nao. Hauui, hauambukizi, na si adhabu ya kitu chochote. La pili nimejiletea kwa tyubu. Inatuliza uso siku za kwanza, halafu uso unaizoea, halafu unaidai. Na watu wengi wanaipaka makusudi ili wawe weupe. Ni ile ile.

"Ile ile?" nikauliza.

"Ile ile," binti yangu akasema, bila kumngoja munganga.

Kuhusu mashine, alisema bado. Ngozi lazima ipoe kwanza, la sivyo mwanga utaiunguza. Niiache tyubu siku ile ile, nisiirudie kamwe. Kisha akaongeza neno ambalo nilimwomba binti yangu alirudie. Ukiacha, alisema, utakuwa mwekundu kuliko ulivyo sasa. Wiki nyingi, wengine miezi mingi. Uso utachubuka, utawasha. Watu watafikiri ndiyo kwanza umeanza kupaka. Ni kinyume chake. Kuungua kule ndiko dalili ya kwamba mtu ameacha.

"Kila mtu?" nikauliza. "Ama ni miye tu?"

"Karibu kila mtu aliyetumia muda mrefu."

Nililia mbele ya munganga yule. Binti yangu alinishika bega, alifikiri nauogopa uchungu. Nilikuwa namwona alto na kitambaa chake, na kusikia sauti yangu ikisema uso wako ndio unasema.

Wiki sita nilikaa nyumba ya binti yangu. Siku ya tano uso ulipasuka. Nililala nimeketi, kitambaa chenye maji baridi mashavuni, na mke wa jirani aliyekuja kusalimia alisahau alichokuwa anasema. Nilikatazwa jua, chai ya moto na pili-pili. Sombe, majani yetu ya muhogo, bila pili-pili, mwezi na nusu! Mungu wangu, hata wafungwa wanapata. Kila asubuhi katika kioo cha bafu alinitazama alto: mashavu yale, magamba yale, macho yale ya mtu ambaye anasema kweli na hakuna anayemwamini. Tofauti ni kwamba miye nilikuwa na binti wa kunichemshia uji, na hakuna aliyekuja kunitazama vidole.

Uso ulipopoa kiasi, munganga alijaribu mashine chini ya taya, mahali padogo kama punje ya haragwe, akasema tungoje. Kwa watu wa rangi yetu, alieleza, mwanga lazima uchaguliwe vizuri na upigwe kwa kiasi, la sivyo unaacha doa jeusi au jeupe. Tulingoja wiki mbili. Doa lilibaki, hafifu, na liko mpaka leo. Nikiinua kidevu utaliona. Akapunguza nguvu ya mashine.

Siku yenyewe walinilaza, wakaniwekea vikombe vidogo vya chuma juu ya macho, wakanipaka kitu baridi. Mwanga nisingeuona, lakini niliusikia, tap, tap, tap, na kila tap ilikuwa kama tone la mafuta linaloruka kutoka kwenye karai ukikaanga mikate. Moja unaweza kuvumilia. Hizi zilikuja kwa mistari, kutoka pua mpaka sikio, kisha zikarudi. Nilinusa nywele ndogo za uso wangu zikiungua. Nilihesabu kwa Kifaransa, kama ninavyowahesabisha watoto, na nilipofika mia mbili na kitu mwanamke yule alisema tumemaliza. Siku mbili nilivimba kama niliyeumwa na nyuki. Siku ya kumi binti yangu alinisogeza dirishani akasema, "Mama, imeanza kutoka."

Munganga hakunidanganya. Mashine haiponyi, alisema, inatuliza tu. Nirudi Krismasi, nirudi Pasaka, nivae kofia, na nijue kwamba siku moja inaweza kurudi. Nilimsikiliza nusu. Nilikuwa najitazama katika kioo cha ukutani kwake.

Nilirudi Bunia mwezi wa tisa nikijua kila kitu, na sikusema kitu. Hapa sitajitetea. Nilijiambia kwamba miezi ya alto inaisha karibuni, mambo yatajimaliza yenyewe bila watu kuaibishwa. Watu wenyewe nilikuwa miye. Nilivaa kofia pana ya kusuka, wamama wakaitania kwamba ni ya mzungu wa mashamba, nikacheka nao. Wakati wa Krismasi nilikwenda mara ya pili kwenye mashine, na nilipotokea kanisani mwisho wa mwaka uso ulikuwa umetakata. Pasta aliacha mahubiri yake nusu. "Mulikuwa munasema-sema juu ya mama yetu," akasema. "Sasa muangalie! Uso huu ni ushuhuda." Vigelegele vikapigwa. Nilisimama, nikapunga mkono. Kwenye benchi la mlangoni alto alikuwa anatazama sakafu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona haya ya kupigiwa vigelegele.

Mwezi wa kwanza tulimwita mara ya tatu. Kabla hajaingia, mwandishi alipendekeza jambo lililoandikwa katika sheria zetu lakini ambalo hatukuwahi kulitumia: afutwe. Mwaka mzima ameonywa, alisema, na uso wake bado. Kufutwa si kufungwa. Aliyefutwa si wa kanisa tena. Watoto wake hawaolewi mbele yetu, na siku akifa hakuna kwaya wala pasta anayekwenda kaburini; jamaa wanamzika wenyewe na maombi yao wenyewe. Katika mji huu, ambako watu wengi wamekimbia vita Djugu na kwingineko wakazika watu wao njiani bila wimbo, kila mama mezani pale alijua neno hilo lina uzito gani. Hata hivyo vichwa vinne viliitikia.

Akaingia. Kitambaa alikuwa ameacha kukivaa. Uso haukuwa tena na magamba, ulikuwa na ule uwekundu wa kwanza tu, ule wa ugonjwa wenyewe, ninaoujua. Aliweka mikono mezani, akafumba macho.

Tyubu yangu nilikuwa naibeba mfukoni Alhamisi ya tatu sasa, bila kuitoa. Nikaitoa. Ilikuwa imekamuliwa mpaka mwisho, imekunjwa. Niliiweka katikati ya meza, nikaweka mikono yangu kando ya mikono yake, viganja chini.

"Nimepakaa hii miaka mine," nikasema. "Nilikuwa nayo nyumbani siku mama huyu alituonesha ya kwake. Niliitambua. Nilinyamaza."

Mwandishi alicheka kidogo, kwa mazoea, akaacha.

Nikawaeleza. Nilieleza kuhusu kuacha na kuungua, kwamba uso wake uliharibika kwa sababu alitutii, na kwamba tulipomwongezea miezi tulikuwa tunamwadhibu kwa kutii. Nilieleza kwamba uso wangu haukusafishwa na usafi wowote, ulipigwa mwanga na mashine kwa sababu nina mtoto Kampala. Nilizungumza muda mrefu.

"Lakini ya kwako ilikuwa dawa, mama prezidenti," mmoja akasema.

"Hata ya kwake. Alituambia."

Pasta aliitwa kutoka ofisini kwake. Baada ya maneno mengi walikubali kumfungua, na mwandishi akaanza kuandika kwamba komite imemfungua kwa neema. Nikasema hapana. Andika tulikosea. Tulibishana juu ya neno hilo mpaka taa ikawashwa, na miye nikawa mwekundu mpaka masikio, hata baada ya mashine. Aliandika. Halafu nikaomba miye nifungiwe meza miezi sita, na kiti changu kipewe mwingine.

"Wapi!" mwandishi akasema. "Na uso safi vile? Batu batasema nini?"

"Uso hauna kazi hapa. Nilinyamaza. Andika hivyo."

Alto alikuwa ameketi muda wote, mikono bado mezani. Walipomwambia aende nyumbani akiwa huru, alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kumuaga mtu.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda sokoni. Alikuwa anampimia mteja maharagwe. Nilingoja. Mteja alipoondoka, alipanga upya makayabu yaliyokuwa yamepangwa vizuri.

"Nimekuja kuomba msamaha, dada."

"Uliijua ile tyubu?"

"Niliijua tyubu. Sikujua ugonjwa."

"Njo uliijua basi," akasema.

Nilimwambia juu ya munganga, na kwamba likizo kubwa nikienda tunaweza kwenda wote, binti yangu ana nafasi. Aliuliza kama mashine inauma. Nikamwambia inauma kama mafuta ya karai. "Tutaona mwezi wa saba," akasema, kisha akamwita mteja mwingine aliyekuwa anapita, na nikaelewa kwamba nimeruhusiwa kuondoka.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata ilikuwa Jumapili ya meza. Tangazo lilisomwa mwanzoni, majina yetu mawili, yeye amefunguliwa, miye nimefungwa, na manung'uniko yakapita kanisa zima kama mvua inayokuja juu ya mabati. Nilitoka kwenye kiti changu cha mbele nikatembea mpaka mlangoni. Ni mbali kuliko nilivyofikiri. Alto alikuwa ameketi palepale alipoketi mwaka mzima.

"Si umefunguliwa?" nikamnong'oneza.

"Hapa iko upepo," akasema. "Uso unapoa." Akajisogeza kidogo, nikakaa.

Shemasi aliyegawa upande wetu ni muzee mwema, ametumika miaka mingi. Alikuwepo wakati tangazo linasomwa, nilimwona. Alifika kwenye benchi letu na sahani, akanitazama uso, akamtazama mwenzangu uso, na bila kusita hata kidogo akaninyooshea miye sahani, akageuza bega kidogo ili isimfikie yeye. Hakufanya kwa ubaya. Mikono yake ilikuwa imezoea.

Nilikuwa nimeishika sahani tayari, ndivyo mtu anavyofanya akinyooshewa kitu.

"Muzee, unakosea," alto akasema, kwa sauti ile nzito, na kila benchi lilimsikia. "Miye njo walifungua. Huyu njo wamefunga."

Vichwa vikageuka. Mtu mmoja mbele akakohoa, mwingine akacheka akajizuia. Shemasi alibaki ananitazama mashavu, kama anayengoja yamwelekeze. Nikamsogezea alto sahani. Alichagua kipande, hakuwa na haraka, akakiweka mdomoni, akatafuna mpaka akakimaliza. Kisha akaniinamia sikioni.

"Uso wako ndio unasema," akaniambia.

Nilimrudishia shemasi sahani, akaondoka nayo.